Aliyejisuka Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Esnath huchukua kijiko na kugonga mara mbili fremu ya mlango wa chumba chake mwenyewe. Huweka mbele ya pazia beseni la maji ya vuguvugu, kikombe cha chai na ndizi za kuchemsha zilizofunikwa kwa sahani. Kisha hutoka nje, huvuta kanga hadi kwenye nyusi, na kusimama nyuma ya jiko akitazama ukuta. Baada ya muda mtu hukohoa mle ndani. Maana ya kikohozi hicho ni kwamba vitu vimepokelewa na pazia limeshushwa. Hapo ndipo Esnath hurudi kuchukua mkoba wake na kuondoka.

Anayekohoa ni mzee Asajile, baba wa mume wake.

Nayajua haya kwa sababu tunapakana. Nyumba tunayopanga iko Ibighi, mjini Tukuyu; upande mmoja anaishi Esnath, upande wa pili mimi, na ukuta ulio katikati yetu haufiki kwenye bati. Nilikuja Tukuyu kutoka Moshi nilipopangiwa kufundisha, na mtu wa kwanza kunigongea mlango alikuwa yeye, na sahani ya maparachichi mkononi. Aliniita mwalimu siku hiyohiyo, nami nikamwita dada Esnath, na hatujabadilisha.

Ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa makamo kidogo. Alizaliwa Mpuguso kwenye migomba ya baba yake, akaolewa na Ackson wa Kawetele alipokuwa bado msichana. Sasa ni mpishi katika shule moja ya bweni, kazi ya kuni na masufuria ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kujificha ndani yake. Hurudi jioni akinuka moshi, mikono imelegea kama nguo iliyokamuliwa. Ackson yuko machimboni Chunya na huja nyumbani akipata nafasi. Binti yao, Lusungu, anasoma bweni. Kwa hiyo katika nyumba ile yenye sebule moja, chumba kimoja na mlango mmoja wa kutokea, waliobaki ni watu wawili ambao kwa desturi yao hawatakiwi kuonana.

Alinieleza mwenyewe, wiki aliyokuja mzee, aliponiona nashangaa kumkuta amesimama nyuma ya jiko kwenye manyunyu.

"Usicheke, mwalimu. Huku baba mkwe tunamwogopa."

Sikucheka. Akaendelea kunieleza huku akipangusa maji usoni. Mke hamtazami baba wa mume wake usoni, hali naye, hapiti alipo, hasemi naye ana kwa ana. Wakikutana njiani, mke hukata kichochoro au huinama pembeni mpaka mzee apite. Siku hizi wengi mjini wameacha. Anawajua wanawake wanaokula meza moja na wakwe zao na kucheka nao, na mchungaji wao alishasema mambo hayo si ya lazima kwa Mkristo. Ila ukoo wa Ackson umeshika, na mzee Asajile, aliyekuwa mzee wa kanisa miaka na miaka, ndiye aliyeshika kuliko wote.

"Kwa hiyo mimi tangu niolewe uso wake siujui," aliniambia. "Najua sauti. Na miguu."

Miguu ndiyo iliyomleta mzee mjini. Kulikuwa na msiba wa shangazi yake Ackson kule Kawetele, na Esnath alikuwa akigawa chakula, macho chini kama inavyompasa. Watoto wote wa mzee walikuwepo, wakimsalimia na kumwangalia usoni, na usoni mzee alikuwa salama. Esnath, aliyekuwa akiona miguu tu chini ya benchi, aliona soksi moja imeloa na kugandamana. Alimvuta Ackson nyuma ya nyumba akamwambia, "Mguu wa baba unaoza." Hospitali walikuta sukari, tena ya siku nyingi, na kidonda kilichokuwa kimeingia chini ya kidole gumba. Daktari alisema kisafishwe kila baada ya siku moja bila kuruka, la sivyo wataukata mguu chini ya goti. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Kawetele mzee angebaki na nani? Akaletwa Ibighi, akapewa chumba na kitanda. Esnath akahamishia godoro sebuleni.

Hapo ndipo uchovu ulipoanzia, nao si wa kuni wala wa masufuria. Mtu mwenye sukari huenda chooni mara nyingi usiku, na choo chetu kiko uani. Mzee akitaka kutoka hukohoa na kugonga sakafu kwa fimbo. Esnath huamka, hujifunika, hutoka nje kwenye baridi na kusimama nyuma ya jiko. Mzee huenda, hurudi, hukohoa tena akiwa ndani ya pazia. Esnath naye hurudi kwenye godoro, analala kidogo, kisha fimbo inagonga tena. Walikuwa wamekubaliana bila kukubaliana kwamba mzee akishakohoa na kugonga, kimya ndiyo ruhusa. Asiposikia sauti yoyote sebuleni, anajua mkwe wake ameshatoka, na anapita.

Nilikuwa nawasikia wote wawili juu ya ukuta. Kikohozi, mlango, kandambili kwenye matope. Asubuhi Esnath alikuwa ananisalimia kwa sauti ileile nyepesi ya kila siku. Ana sauti ya kitoto kwa kweli. Anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama, na ukimsikia simuni utadhani unaongea na binti yake.

Jumamosi moja ya mapumziko aliamua kusuka.

Wanawake wengi wa mtaa wetu husukana. Mmoja hukaa kwenye kigoda, mwingine nyuma yake kwenye kiti, wa tatu anapika na kusema watu. Esnath hakuweza. Kwenda saluni ni kumwacha mzee peke yake kutwa, na kuita wenzake ni kujaza sebule watu na kumfungia mzee chumbani kama kuku. Alikuwa amezoea kujisuka mwenyewe. Alikuwa anachukia kujisuka mwenyewe. Lakini nywele zikishasukwa, kuna asubuhi nyingi ambazo hutagusa kitana, unafunga kitambaa na kwenda, na kwa hali aliyokuwa nayo, hata asubuhi bila kitana ilikuwa mapumziko.

"Njoo unichambulie," aliniambia. "Kusuka najua hujui."

Kuchambua ndiyo kazi pekee ya nywele ninayoiweza. Unatoa rasta kwenye pakiti, unazivuta ncha ili zisilingane na msuko uishie mwembamba, unagawa mafungu, unayatundika kwenye mgongo wa kiti. Yeye alikaa kwenye mkeka, kioo kimeegemezwa kwenye mguu wa meza mbele yake, mgongo ameupa pazia la chumbani. Alianza na paji la uso, kwa sababu mbele unapaona. Alipiga mstari kwa mkia wa kitana, akabana nywele za pembeni, akashika mzizi, akaingiza rasta na kusuka hadi chini, vidole vikienda vyenyewe huku yeye akiwa amefumba macho. Mara nyingine nilidhani amesinzia, ila vidole havikusimama.

Alipofika katikati ya kichwa alishusha mikono akaiweka mapajani, viganja juu.

"Mabega haya," alisema. "Mtu akiniambia niyavue niyaweke pale, navua."

"Pumzika, dada."

"Nikipumzika sitainuka. Nyuma ndiko kugumu, mwalimu. Mbele hata mtoto anajisuka. Nyuma unasuka kwa kuombea."

Saa za mchana mvua ilikuja. Waliokaa Tukuyu wanajua mvua yetu. Haitangulizi mawingu wala upepo, inamwagwa tu kutoka upande wa mlima, na bati likianza kupigwa hamsikilizani hata mkikaa goti kwa goti. Esnath alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kifuani, anatafuta kwa vidole mstari wa kisogoni. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, mabega wazi. Nusu ya kichwa ilikuwa na rasta zinazoning'inia, nusu ya nyuma nywele zimesimama juu kama kichaka. Mimi nilikuwa nimeinamia mafungu yangu.

Hatukusikia kikohozi. Hatukusikia fimbo. Mzee kule ndani alikohoa, akagonga, akasubiri, akasikia kimya, maana kila kitu kilikuwa kimefunikwa na mvua, akaona njia ni nyeupe. Alifunua pazia.

Esnath aliinua kichwa kujitazama kwenye kioo, na kwenye kioo hakujiona peke yake.

Nilimwona mwili ukikauka, nikageuka nifuate macho yake. Mzee Asajile alikuwa amesimama chini ya fremu, fimbo mkononi, bandeji mguuni, na anamtazama mkwe wake ndani ya kioo. Nao wakabaki hivyo. Mzee ndiye aliyeondoka kwanza. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala, na pazia likaanguka mbele yake.

Esnath alichukua kanga nyingine akajifunika kichwa chote, rasta na kichaka. Alikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Niliposikia sauti yake tena, ilitoka ndani ya kitambaa.

"Ana masikio ya Lusungu," alisema. "Yaleyale. Yametoka nje kidogo."

Siku hiyo hakuendelea kusuka.

Jumapili asubuhi aligonga kwa kijiko na kikohozi hakikujibu. Ndizi zilirudi kama zilivyokwenda. Nilikuwa nachemsha maji niliposikia naitwa juu ya ukuta.

"Mwalimu! Mwalimu wa upande wa pili!"

"Naam, babu."

"Una salio? Nipigie kijana wangu Ambokile aje na bajaji. Mwambie leo si hospitali. Mwambie Kawetele."

Ambokile ndiye aliyekuwa akimpeleka mzee kusafishwa kidonda. Ni wa ukoo wao, humwita mzee babu na Esnath mama mdogo. Sikujua nifanye nini na simu ile. Nilitoka uani nikamkuta Esnath amekwishasikia kila neno, naye yuko simuni na Ackson, kanga imefunika nusu ya kazi ya jana.

"Baba anataka kurudi Kawetele," alikuwa anasema. "Ndiyo, leo... Kwa sababu aliniona. Kwenye kioo... Ackson, mimi nijue kama kioo kinahesabika? Wewe ndiye mwenye ukoo... Mguu? Si ndiyo ninayokwambia! Akiruka hata kesho tu ndiyo basi, wanaukata... Ongea naye wewe... Hapokei... Niongee naye mimi? Kwa mdomo gani?"

Alikata simu, akakaa kwenye jiwe la kufulia.

"Anasema baba akishasema hakuna wa kumzuia," aliniambia. "Wanaume watano wamezaliwa na yule mzee, na hakuna wa kumzuia."

Nilimpigia Ambokile. Nilifanya nilivyoagizwa, sikuona namna ya kumkatalia mzee. Esnath aliniangalia nikipiga. Niliona anayafumba macho na kuyafumbua polepole, kama anavyofanya akiwa anasuka. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda, kitana, kioo na kiti chenye mafungu ya rasta niliyoyachambua jana.

Kigoda alikiweka kwenye kizingiti cha mlango, mlango uleule mmoja. Akakaa katikati, mgongo kwa sebule, uso kwa uani, magoti yamegusa fremu huku na huku. Kioo akanipa nimshikie mbele yake. Kisha akavua kanga kichwani, akapiga mstari, na kuanza kusuka.

Ilinichukua muda kuelewa. Mzee hangeweza kutoka bila kupita alipokaa, na alipokaa hapapitiki bila kumgusa. Kumgusa mkwe ni jambo ambalo mzee Asajile hangelifanya hata nyumba ikiwaka moto. Na kwa kuwa Esnath alikuwa kichwa wazi, mzee hangeweza hata kufunua pazia.

Ambokile alifika akipiga honi, suruali ya ibada na makubazi yenye matope. Alisimama uani akatuangalia.

"Mama mdogo, saluni imehamia mlangoni leo?"

"Karibu. Kaa."

"Nimemfuata babu."

"Yuko ndani."

"Sasa atoke wapi?"

"Hapa."

"Hapa umekaa wewe."

"Si unaona."

Ambokile alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akajikohoza. "Nimeacha ibada katikati, jamani. Nilikuwa nimeshakaa mbele, na ninyi mnajua nikikaa mbele kuna mtu namtafuta."

"Atakusubiri," alisema Esnath. "Akikukosa atampata mwingine mwenye viatu. Kaa chini, Ambokile."

Alikaa kwenye jiwe la kufulia. Ndani fimbo iligonga, kikohozi kikafuata. Esnath hakusogea. Fimbo ikagonga tena. Safari hii hakukuwa na mvua, na kimya hakikuwepo. Alikuwa anaimba chinichini, wimbo wa kwaya, ili ajulikane yupo.

"Mwalimu," mzee aliita.

"Naam, babu."

"Mwambie mkwe wangu nataka kupita."

Nilimgeukia Esnath, ambaye alikuwa karibu na mzee kuliko mimi. "Anasema anataka..."

"Nimesikia. Mwambie najisuka."

"Anajisuka, babu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mwambie bado kisogo. Kisogo ni kazi."

"Bado kisogo, babu."

Nilisikia kitanda kikilia. Mzee alikuwa amekaa.

"Mwambie jana nimemwona kichwa wazi, na yeye ameniona. Nyumba imekuwa ndogo. Mtu mzima akiona nyumba imekuwa ndogo, anaondoka."

"Mwambie Kawetele ni kubwa sana," alisema Esnath, akivuta rasta kwa nguvu mpaka ngozi ya paji la uso ikainuka. "Kubwa mpaka hakuna mtu. Nani atampeleka kusafishwa?"

"Nitasafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi," mzee alijibu kabla sijafungua mdomo.

"Mwambie hakioni kile kidonda! Kiko chini ya kidole. Atakisafishaje kitu asichokiona?"

"Mwambie asinipigie kelele."

"Mwambie sijampigia yeye, nakupigia wewe."

"Babu," Ambokile aliita kutoka kwenye jiwe, "mimi naona mkaongea tu, wote tunawasikia."

"Wewe nyamaza!" walisema wote wawili, mmoja ndani na mmoja mlangoni, kwa pamoja. Ambokile akaanza kufuta kioo cha simu yake kwa kitambaa, ingawa kilikuwa safi.

Waliendelea hivyo muda mrefu. Nilisimama na kioo, nikirudia maneno ambayo yalikuwa yamekwishafika. Baadaye nikaacha kurudia, na hakuna aliyegundua. Walisema tu "mwalimu, mwambie," kisha wakajibizana. Esnath alikuwa amefika mahali pagumu kabisa. Mikono ilikuwa juu nyuma ya shingo, viwiko vimesimama hewani. Kila baada ya rasta mbili aliishusha mikono, akaikunja na kuikunjua, akairudisha.

Ndipo mzee aliposema lile hasa lililokuwa linamwondoa.

"Mwalimu. Mwambie mimi sikujua."

Esnath aliendelea kusuka.

"Mwambie nilikuwa nasikia sauti yake tu. Ile sauti ni ya msichana. Siku walipomleta kwangu alikuwa msichana, sauti ni hiyohiyo. Nikikohoa anatoka, nikirudi anaingia, nasikia kandambili, nikasema moyoni, huyu bado kijana, ana nguvu, acha atoke. Jana nimemwona. Mwambie nimeona macho yake yalivyoingia ndani. Mtu wa kutolewa nje usiku si yule. Siwezi kukaa hapa nikakohoa tena. Nitakohoaje?"

Vidole vya Esnath vilikuwa vimesimama katikati ya msuko. Nilimwona juu ya kioo nilichokishika, na nadhani alikuwa hajioni. Alikaa vile mpaka rasta aliyokuwa ameishika ikaanza kufumuka yenyewe kutoka chini. Akaikamata, akairudia tangu mwanzo.

"Mwambie," alisema, na ile sauti nyepesi ilikuwa imekwaruza, "mimi nikichoka nitalala siku moja. Mguu wake ukikatwa, hauoti."

"Nimesikia," alisema mzee.

"Mwambie kuna ndoo. Ndoo yenye kifuniko. Nilinunua siku ya kwanza, iko chini ya kitanda, hajawahi kuigusa. Akiitumia usiku, mimi silazimiki kutoka."

"Mwambie ndoo nani ataimwaga? Mkwe wangu amwage ndoo yangu? Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

Esnath aliangalia uani. Macho yake yalimfikia Ambokile, ambaye aliacha kufuta kioo.

"Usiniangalie hivyo, mama mdogo."

"Unapita hapa kila alfajiri ukienda stendi."

"Napita, ndiyo. Kupita si kumwaga ndoo."

"Babu yako huyo."

"Babu ana watoto watano wa kiume!"

"Wako Chunya, wako Mbeya, wako Dar. Wewe uko kwenye jiwe langu la kufulia."

Ambokile alitazama mbingu, akatazama bajaji, akatazama mlango uliozibwa. "Ila nikioa," alisema, "mke wangu atamtazama baba yangu mchana kweupe. Nawaambia mapema." Kisha akapaza sauti kuelekea ndani. "Babu! Nitamwaga mimi!"

Esnath hakusogea. Alipiga mstari mwingine. Bajaji haikuwa imeondoka, na mzee alikuwa bado ana haki ya kusema hapana, na wote tulijua kwamba Esnath hangeweza kukaa pale hadi jioni. Mikono yake ilikuwa imeisha.

"Mwambie bandeji asinifulie tena, nitafua mwenyewe," alisema mzee hatimaye. "Mikono ninayo. Alete beseni na sabuni, aweke palepale."

"Sawa," alisema Esnath.

"Na mwambie Ambokile aende zake kanisani. Kesho aje tuende hospitali."

"Ndaga, babu," Ambokile alishukuru kwa Kinyakyusa, na alikuwa ameshawasha bajaji.

Esnath alisuka rasta mbili za mwisho palepale kizingitini, ingawa sasa hapakuwa na sababu ya kukaa hapo. Kisha alijifunika, akabeba kigoda na kuja kwangu, kwa kuwa hakutaka kuzimwagia ncha maji ya moto ya kuzizuia zisifumuke ndani ya nyumba ile kabla mzee hajatulia. Nilichemsha maji kwenye birika. Alikaa, akainamisha kichwa, nami nikazichovya ncha fungu kwa fungu kwenye jagi, kisha nikazikausha kwa taulo. Rasta za kisogoni zilikuwa zimekaa vibaya. Mistari ilipinda, na moja ilikuwa nene kuliko nyingine. Sikumwambia. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye goti langu.

Upande wa pili wa ukuta mzee alikuwa anakula. Tulisikia sahani.

Mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo yao, na tangu nimfahamu nilikuwa nimengoja anieleze mwenyewe. Siku ile nilimuuliza. Niliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu ya ukuta.

"Dada Esnath, ulitaka abaki?"

Hakuinua kichwa.

"Hapana," alisema. "Nilitaka aende, nilale kitandani kwangu."